Shamba la Mama Uliloegeshea Magari

Kaka yangu Mogaka,

Nimesoma ujumbe ulionitumia kutoka Nairobi, kwamba shamba la Mama hapa Ikonge "limekufa" na Jumamosi unamleta mnunuzi. Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, maana aliyeliua namjua.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akiokota bonge la udongo na kulitumbukiza kwenye kikombe cha maji? Tulichuchumaa tukisubiri livunjike, na halikuvunjika. "Limeshikwa na vibarua wangu," alisema. Vibarua hao walikuwa minyoo, mizizi, na zile nyuzi nyeupe za ukungu chini ya majani ya migomba yaliyooza. Walichimba vijia, hewa na maji vikapita. Ulimuuliza wanakula nini. "Takataka," akakujibu, nawe ukacheka mpaka ukaanguka. Siku hizo nilikupenda sana.

Kisha Mama akafariki, na wewe mheshimiwa ukashuka na wageni wako. Eti majani yale shambani yanatia aibu, watu watatuonaje. Ukayachoma yote, ukang'oa chinsaga yake, mboga aliyoipenda kuliko zote, na mvua ikinyesha ukaingiza magari humo kwa mstari. Nikakuambia, "Kaka, udongo umelowa, utashindiliwa." Ukanijibu mbele ya watu, "Wewe Kemunto, hii ni matanga ama ni darasa ya kilimo?" Walicheka. Tai yako ilikuwa nzuri, hilo nakubali.

Mlipoondoka, jembe liligonga kama limepiga sakafu. Mvua haikuingia, iliteremka mtoni na mbolea yangu ya dukani. Mahindi yakawa manjano kwa sababu mizizi haikuwa na pa kupita, na mnyoo sikuona hata mmoja. Nilikutumia picha ukaandika kwamba ardhi imechoka. Umesoma hadi chuo kikuu, kaka, na hujui udongo unapumua. Mama hakumaliza darasa la nne.

Misimu minne nimeulegeza udongo huo kwa uma wa shambani, polepole, ukiwa umekauka kiasi. Nimerudisha samadi na majani ya migomba, na majirani wakipita wakiona uchafu nawaacha waone. Jana nilitumbukiza bonge kwenye kikombe kile kile cha Mama. Halikuvunjika. Nililia pale pale kati ya chinsaga, na sikukukumbuka kwa wema.

Basi sikia. Sahihi yangu hupati, na bila sahihi yangu hakuna kuuza. Nilikuwa nakuonea fahari. Siku hizi nakudharau, na nimechoka kuificha hiyo dharau kila unapopiga simu.

Lakini kuna kitu nimekuwekea. Pale liliposimama gari lako sijapagusa. Ni hatua chache tu za udongo mgumu, hata magugu yamepakataa. Njoo Jumamosi na mnunuzi wako. Paki hapo.

Ni mimi dada yako mdogo,
kibarua wa Mama.