Kabla ya Kikombe

Pumwani, Nairobi
Septemba 1969

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Rahima,

Nakushika miguu kutoka mbali. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua nilipokuwa huko kimetulia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku mwaka huu imekataa kuondoka.

Swafiya, mwanangu, najua wewe ndiwe unayemsomea mama. Soma polepole, wala usiruke mahali, hata ukifika pale mjomba wako anapoaibika.

Dada, tangu nirudi nimekuwa nikizifikiria zile siku chache nilizokaa nanyi. Niliondoka kisiwani kwetu Amu kijana, nikarudi na ndevu nyeupe. Nilipofika mlangoni nilikwambia kuwa hukubadilika hata kidogo, nawe ukacheka, ukasema huku bara nimefunzwa uongo mtamu. Kisha Swafiya akawa ananishika mkono kila tutokapo, maana nilisema ndia na vichochoro vya Amu vimenipotea. Mlinihurumia, mkasema miaka ni mingi.

Kazi yangu ya redioni unaijua, ila sijapata kukueleza kwa nini niliifanya vile nilivyoifanya. Nilipopewa kipindi niliogopa kwamba nikieleza sayansi kavu watu watazima redio. Basi nikakigawa. Kwanza naeleza jambo la kweli lililothibitishwa na wataalamu. Kisha nagonga vikombe viwili vya kahawa, kama wafanyavyo wauza kahawa wa kwetu, na baada ya mlio huo natunga ngano juu ya jambo lile lile, jinsi mambo yatakavyoweza kuwa siku zijazo. Rufus, bwana anayesimamia mitambo, alinionya mapema kwamba barua zote za wasikilizaji zinauliza habari za ngano, hakuna hata moja inayouliza ya sehemu ya kwanza. Nikamjibu kuwa ngano ni chambo tu. Sikufikiri kwamba samaki anaweza kula chambo akaenda zake.

Nilipokuja Amu nikakuta kikombe changu kimekuwa msemo. Mtu akitia chumvi huambiwa hayo ni ya baada ya kikombe. Bwana Abdulkadir, jirani yako wa dukani, aliniuliza mbele ya watu kama wale Wamarekani waliokanyaga mwezini Julai walikanyaga kabla ya kikombe au baada. Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani ni sifa.

Ndipo nikakwambia habari ya mato yako. Nilikueleza kwamba kile kiwingu kilichoyaziba ni mtoto wa jicho, na kwamba daktari wa Mombasa hukitoa, mtu akavaa miwani akaona. Ukanijibu kuwa hiyo unaikumbuka sana, uliisikia redioni: ni yule nahodha Sefu aliyetiwa macho ya kioo, akawa anaona hadi ndani ya nyumba za watu. Bwana Abdulkadir, aliyekuja kunywa kahawa, akaongeza kwamba mtu wa Amu akitiwa macho kama hayo hapatasalia ndoa mjini. Nikasisitiza kwamba operesheni niliieleza kabla ya kikombe, na macho ya kioo yalikuja baadaye. Ukasema hukumbuki kikombe kiligongwa wapi. Unamkumbuka Sefu.

Kisha ukaniuliza lile swali. Ukataka nikutajie mtu mmoja tu, si wa redioni, mtu niliyekula naye sahani moja, aliyetolewa mtoto wa jicho akaona. Nami nikamtaja mzee fulani wa Nyeri nisiyemjua vyema. Ukasema Mungu amzidishie, ukaniomba nikusogezee mchuzi, na habari ya daktari ikaishia hapo.

Dada, mtu huyo ni mimi, na sahani ilikuwa ile ile tuliyokuwa tukilia.

Nilifanyiwa macho yote mawili mwaka jana. Nililazwa chali siku kadhaa, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga, nimekatazwa kucheka wala kukohoa. Nilipopewa miwani kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wangu mwenyewe, nikashangaa ulivyokuwa wa mzee. Sikuwaandikia kwa kuwa sikutaka muingiwe na hofu. Hilo la kutowaandikia huenda ukanisamehe. Lakini nilipokuja, miwani ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Niliivua Manda, kabla sijapanda mashua kuvuka kuja kwenu. Ni minene kama kitako cha chupa, na huyafanya macho yangu yaonekane makubwa, kama nilivyoyaeleza ya Sefu. Niliona haya, watoto wa mtaani wasije wakanifuata wakiniita kwa jina la mtu niliyemtunga mwenyewe.

Bila miwani hiyo naona ukungu na rangi. Ndiyo maana ndia zilinipotea. Ndiyo maana nilimwaga kahawa juu ya ule mkeka wako mpya wa Kipungani. Na uso wako, Dada, sikuuona. Nilikuona leso nyekundu iliyoketi karibu na dirisha. Niliposema hukubadilika nilikuwa nikimsemesha yule msichana niliyemwacha. Tulikaa hivyo siku zote zile, ndugu wawili tusioonana, na mmoja wetu ana macho mfukoni.

Nimesema na daktari. Yuko tayari kukupokea Shaaban hii, ili Ramadhani ikukute umekwisha rudi nyumbani. Sikulazimishi, sina uso wa kukulazimisha. Ukikubali, Swafiya akulete Mombasa, nami nitawangoja huko nikiwa nimevaa miwani. Utaishika kwa mikono yako, utaipapasa ilivyo nzito, na daktari nitakutajia jina lake mbele yake mwenyewe. Ngano hapa hakuna. Swafiya atazame karatasi yote, hataona pahali palipogongwa kikombe.

Nisalimie wote wanaoniuliza. Bwana Abdulkadir mwambie mwezini walifika kweli, na barua hii asomewe yote, hata ya miwani. Kama ni kunicheka na anicheke, lakini ningependa wewe uwe wa kwanza, tena uwe unaniona.

Mungu atukutanishe kwa heri.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Hadi