Kichwa cha Sindano kutoka Mbotela

Umoja, Jumapili

Kaka Mativo,

Natumai Eldoret hamjambo. Huku maji yamerudi, na Mama goti limepoa.

Gramafoni ya marehemu Baba imeimba tena. Kichwa kinachoshika sindano kilikuwa kimeharibika, na vipya vya mjini ni ghali. Fundi Gitonga wa Mbotela akaniuzia cha bei nafuu, alichokitoa kwenye mashine ya mtu aliyefariki. "Kitakwaruza kidogo, lakini kitaimba," akaniambia.

Jana mchana tuliweka santuri ya kwaya. Wimbo ulipokwisha, mwanamume alikohoa ndani ya gramafoni, kisha akaita polepole, "Kanyiva, nifungulie mlango."

Nilisimama nikitabasamu, machozi yakinilengalenga. Mama akanishika mkono. "Hiyo si sauti ya baba yako," akasema. "Usifungue."

Niliinua sindano. Sauti ikaita tena, safari hii kutoka nje.

Hatukufungua. Leo nimemrudishia Gitonga kichwa chake, naye amekipokea bila kuniuliza lolote. Lakini kuna mtu bado anaita.

Ukija Krismasi, tafadhali usibishe hodi. Nipigie simu, nikuone dirishani kwanza.

Dadako akupendaye,
Kanyiva