Mwili Wake Haukuwa na Joto

Jumatatu, 5 Mei

Baba Chebet,

Kogo, mama yako, ameuliza tena uko wapi. Nimechuma chai, nimepeleka majani kituoni, nimerudi, ameuliza. Nikasema umeenda Mogogosiek, utachelewa. Siku hizi nadanganya. Nikisema ulikufa, analia kama ni leo. Ameweka viazi vyako kando, vile vidogo ulivyopenda na maganda yake.

Jumatano, 7 Mei

Leo hajakuulizia. Chakula hajagusa. Amekaa jikoni, macho kwa moto. Nilipumzika kidogo. Halafu nikaogopa.

Nimempima kwa kipimajoto. Hana homa. Hakohoi. Ndugu yako Weldon alimgusa paji la uso, akasema ni uzee tu. "Shemeji, unamtafutia homa kwa nguvu?" Tukacheka. Mimi sikucheka sana.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua usiku kucha. Asubuhi nilimsalimia chamgei. Hakuitika. Hata alipokuwa amesahau jina lake mwenyewe, salamu hiyo aliitika. Anapumua mbio. Mwili baridi.

Weldon alitaka tungoje majani yapimwe kwanza. Nilikataa. Nilikuzika Agosti. Siwezi kuona kaburi lingine kando ya lako. Gari la jirani likatupeleka Bomet.

Nesi alisikiliza kifua. Nimonia. Nikasema haiwezekani, hana joto.

"Mama, kwa umri huu, na huu ugonjwa wa kusahau, kinga ya mwili hubadilika," alisema. "Wengine hawapandi joto kabisa. Akinyamaza ghafla, akikataa chakula, hiyo ndiyo homa yake. Usingoje."

Wamemwekea oksijeni. Weldon amemfunika miguu na koti lake.

Ijumaa

Bado hajafungua macho. Ninamchukia kila mtu anayepita akicheka.

Jumapili, 11 Mei

Dawa imeshika. Amekunywa uji. Kisha akafungua macho, akakuita. Kipngetich. Nililia kwa shukrani, na jina lako likanichoma.

Akaongea na mtu kando ya dirisha. Hapakuwa na mtu. Alimsikiliza, akatabasamu, akamuuliza polepole, "Huyu mama anayenilisha ni wa nani?"

Sikusikia jibu.

Amelala sasa. Mkono wake uko moto kidogo ndani ya wangu. Baba Chebet, kama ni wewe uliyesimama pale, mwambie jina langu. Na wewe unikumbuke.