Pumzi Iliyosikika Kwenye Wimbo wa Tatu

Zahanati ya Busawe,
Wilaya ya Serengeti,
Mara.

Mdogo wangu Shomari,

Marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua ukiona mwandiko wangu tu mdomo utaanza wenyewe. Hujambo? Mama hajambo? Mguu wake unamsumbua bado, au ameanza kwenda sokoni bila kumtuma mtu? Mimi ni mzima, Mwenyezi Mungu ananisitiri, ila mafua hayaniachi tangu mvua zianze. Utashangaa dada mtu anaandika barua ya karatasi na simu ipo mkononi. Nimefanya makusudi. Ujumbe wa simu ungeusoma umesimama, ungenijibu "poa dada", halafu ungeendelea na mambo yako. Hii itakubidi ukae. Kwa hiyo kaa.

Huku njia ya kwenda Mugumu imekuwa tope tupu, siku za chanjo tunafika vijijini tumechafuka kuliko watoto tunaokwenda kuwachanja. Juzi tembo walipitia shamba la jirani yangu, wakala mahindi yote yaliyokuwa yamebeba, na mwenye shamba akaletwa kwetu presha imempanda. Kikurya changu hakijafika popote. Mabibi wa hapa wananieleza kwa Kikurya wanapoumwa, nawajibu kwa Kiswahili, tunaonyeshana kwa vidole na tunaelewana. Nimezoea. Nilikotoka sijakusahau, lakini nimezoea.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Nimeisikiliza Mvua ya Misumari, albamu yenu mpya.

Hukunitumia wewe. Nimeipata dukani kwa watu, kama shabiki yeyote, na nilinuna kweli. Mugumu kuna dada mmoja anaitwa Bhoke, mzaliwa wa Sirari, kwao ni mpakani kabisa, shangazi zake wako Isebania upande wa Kenya. Anauza spika, sabufa, waya na betri za sola. Maduka ya jirani yanapiga bongo fleva na kwaya, la kwake linapiga Chuma Chakavu, bendi yenu. Siku ya kwanza nilikuwa napita na mfuko wangu wa nyanya, nikasikia sauti yako inanguruma mlangoni kwa mtu nisiyemjua. Nilisimama katikati ya barabara mpaka bodaboda akanitukana.

Sikumwambia kuwa wewe ni mdogo wangu. Kwao wewe ni Nyundo, hakuna anayejua kama kuna Shomari. Niliogopa wataanza kuniomba namba yako. Na nikwambie ukweli, nilikuwa nafurahi kimyakimya kusikia watu wazima wanavyomsifia mtu niliyemfuta kamasi mimi.

Pale dukani mashabiki wenu tuko watatu. Mwenzetu mwingine ni Mwita, kwao Kemambo, fundi umeme kwenye kambi ya watalii upande wa Natta. Akipata mapumziko anakuja Mugumu na hedfoni alizopewa na mgeni mmoja wa kambini, kubwa, zinafunika sikio lote, anazifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Kwa Mwita, anayesikiliza muziki wenu huu wa metali kwenye spika hajasikiliza kitu. Kwa Bhoke, anayesikiliza kwenye hedfoni ni mchoyo. Wanagombana hivyo kila wakikutana na hakuna anayekasirika.

Albamu ilipofika tuliisikiliza Jumapili, Bhoke akitoka kanisani. Alifunga nusu ya mlango ili wateja wasituingilie, akaweka flashi, tukakaa juu ya maboksi. Wimbo wa kwanza Mwita alilalamika kuwa dramu zimesafishwa mno, akasema Kibwana anapiga kama amevaa suti. Wa pili Bhoke alisimama, akasema gitaa lile limemkata tumbo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulengwa na machozi ya furaha. Shomari, mmefanya kazi. Nasema hili mapema kwa sababu huko mbele utadhani sikuipenda.

Halafu ukaja wimbo wa tatu, ule wa Reli. Unajua pale magitaa yanaponyamaza yote, unabaki wewe peke yako, unavuta pumzi, ndipo unapasua sauti. Katika ile pumzi kuna kimluzi. Chembamba, kikavu.

"Rudisha hapo," Mwita alisema. "Bhoke, sabufa yako imepasuka. Inapiga mluzi."

"Sabufa yangu? Hii nimeitoa Nairobi juzi, iko mpya kabisa! Hiyo maskio yako ndiyo iko na shida."

"Basi ni waya."

Wakabadilisha waya. Kimluzi kikabaki. Bhoke akasema ni umeme wa sola umeshuka, akaleta betri nyingine kutoka stoo. Kikabaki. Mwita akasema flashi imenakiliwa vibaya, wakaipakua upya kwenye simu, wakaichomeka kwenye spika nyingine, ndogo, ya kuuzia makanisa ya vijijini. Kikabaki, na safari hii kilisikika zaidi kwa sababu besi ilipungua. Mimi nilikuwa nawacheka. Mpaka hapo, mdogo wangu, nilikuwa nawacheka kabisa.

Mwita akafungua taulo. "Sasa tusikie ukweli," akasema. Akavaa, akafumba macho, akatabasamu. "Hakuna kitu kibovu hapa. Ni yeye! Nyundo amefanya makusudi. Anavuta hewa kama panga linanolewa kwenye jiwe. Aisee, huyu mura ni fundi!" Mura kwao ni kijana.

Bhoke akamnyang'anya, akasikiliza, akashika mkono wake kunionyesha vinyweleo vilivyosimama. Wakaanza kubishana kama ulifanya kwa koo au waliongeza studio. "Studio wapi," Bhoke alisema, "hiyo ni roho ya mtu, bana." Halafu wakanipa mimi.

Nikazivaa. Ulikuwa karibu yangu kama tulivyokuwa tunalala kitanda kimoja utotoni, ukiniharibia usingizi kwa kukoroma. Nikasikia pumzi inavyoingia, inavyokwama, inavyojisukuma kupita mahali palipobana. Mwita alisikia panga. Mimi nilimsikia mgonjwa.

Mwaka jana alikuja hapa dalali wa mnada wa ng'ombe, mzee mwenye heshima zake, sauti imemkauka. Mwenyewe alituambia ni kelele za mnadani, na watoto wake wakaunga mkono, ni kelele za mnadani. Alikuwa anavuta pumzi hivyohivyo. Tulimwandikia rufaa siku ileile lakini alikuwa amekaa na saratani ya koo muda mrefu mno nyumbani, anakunywa tangawizi.

Sisemi una ugonjwa wa yule mzee. Nesi hapimi koo la mtu kwa hedfoni za Mwita. Kinaweza kuwa kinundu tu cha kupiga kelele, kitu kinachotibiwa na mtu akarudi kazini. Lakini nilirudia albamu nzima, peke yangu, wao wakanunua soda wakanisubiri. Kuanzia wimbo wa nne hupasui tena kwa urefu kama zamani. Unakata mapema, dramu zinakufunika. Ule wa mwisho unaongea tu, huimbi. Mwita anasema umebadilisha staili, umekomaa. Mimi nilisikia mtu anayekwepa kukanyagia mguu unaouma.

Ndipo nikaanza kukumbuka. Kabla hujaacha kunipigia simu, ulikuwa unapiga kila wiki. Ukaanza kutuma ujumbe, mistari miwili, mmoja, tena kichekesho tu cha kunifanya nicheke. Nikapiga mimi, ukakata ukaandika "niko mazoezini dada". Nikasema moyoni, haya, kijana amekuwa nyota, dada wa zahanati ya porini ana faida gani tena. Nikaacha kupiga. Na sikukuu mama aliniambia, "Mdogo wako siku hizi ananijibu kwa kutikisa kichwa." Nilicheka, Shomari. Nikamwambia mama, muache, anatunza sauti ya kazi. Mimi, mwenye sare nyeupe, ninayewauliza watu baki kila siku wamekohoa tangu lini.

Najuta. Sina namna nyingine ya kulisema. Najuta kwamba nilikudhania majivuno wakati ulikuwa unanificha koo lako. Najuta kuwa mbali, kwa sababu ningekuwa karibu ningekusikia ukiomba chumvi mezani, na hiyo ingenitosha. Nimelazimika kukusikia kupitia flashi ya dukani.

Nilipovua zile hedfoni Bhoke aliniuliza, "Sista, mbona unalia? Imekuingia, eh?" Nikasema ndiyo, imeniingia. Nikasema huyu Nyundo ni mdogo wangu, tumbo moja. Ungeona kilichotokea. Bhoke alipiga vigelegele mpaka muuza vitenge wa jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Mwita aliweka mikono kichwani. "Sista! Siku zote hizi tunamsema mura wa watu hapa na wewe umenyamaza?" Akaanza kuniomba msamaha kwa yale ya dramu, nikamwambia dramu si za mdogo wangu, ni za Kibwana.

Hilo la pili, la koo lako, sikuweza kuwaambia. Mwita ameshaomba likizo kazini aende kwenye uzinduzi wa albamu Arusha. Bhoke ameshachapisha fulana nyeusi zenye jina lenu, amenipa yangu. Niliwaangalia walivyokuwa na furaha, nikaikunja fulana nikaitia mfukoni.

Kwa hiyo nakwambia wewe. Usiimbe Arusha. Nimeliandika mara nyingi, nikalikata, nikaliandika tena, na hakuna njia laini. Usiimbe Arusha, wala mazoezini, wala bafuni. Nenda hospitali ya mkoa, omba kumuona daktari wa masikio, pua na koo. Wakikupa dawa za kikohozi na kukurudisha nyumbani, kataa, sema unataka koo liangaliwe ndani kwa kamera. Waeleze tangu lini sauti imekauka, kama unapata shida kumeza, kama umewahi kutema damu. Usimfiche daktari kama ulivyotuficha sisi. Tangawizi na limau weka pembeni. Na usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, kunong'ona kunaichosha vilevile. Nyamaza tu. Andika kwenye simu, hilo umeshalizoea.

Najua utakavyosema. Utasema dada amekaa porini mpaka anaona wagonjwa hata ndani ya spika. Utasema wenzako wamejinyima miaka yote kwa ajili ya albamu hii, Kibwana ameacha kazi, ukumbi umeshalipiwa. Najua. Na kinachoniuma ni kwamba ni albamu nzuri kuliko zote mlizofanya. Kama ingekuwa mbaya ningekuomba uache bila kuumia. Nimeusikiliza ule wa tatu tena na tena, na kila nikifika kwenye ile pumzi natamani ningekuwa Bhoke, vinyweleo vinisimame, basi. Unichukie ukitaka. Nichukie ukiwa kwenye foleni ya daktari.

Mpe mama shikamoo yangu, na usimsomee barua hii, mwambie tu nimeuliza mguu. Msalimie wifi yangu Zuhura, fundi wa cherehani, na huyu mwambie yote, kwa sababu atakuburuta hospitali hata kwa kukushonea kamba. Nisalimie mjomba Saidi wa redio mbovu. Kibwana naye nisalimie, na umpe ujumbe kuwa huku Natta kuna mtu anamtafuta kwa habari ya suti.

Barua hii anakuletea Bhoke mwenyewe. Anakwenda Kariakoo kufuata mzigo, na ameamua kushuka Morogoro ili akupe mkononi. Hajui nilichoandika, anadhani ni pongezi. Atakuja amevaa ile fulana. Mkaribishe vizuri, mpe chakula, piga naye picha, mpigie gitaa hata siku nzima. Lakini nimemfahamu sasa, hataondoka bila kukuomba umpasulie ule wa Reli, mstari mmoja tu, ili arudi akawatambie watu wa Mugumu. Na wewe nakufahamu, hujawahi kumnyima shabiki.

Mnyime, Shomari.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwanaidi