Bethwel, Neno Lako Lilikuwa Herufi Nne

Leo, tarehe 14 Agosti 1999, mwaka umetimia tangu ulipotuacha, Bethwel Kiplimo, ukiwa kitandani hospitalini Longisa.

Nakuandikia mimi mkeo, Phyllis, kwa niaba ya nyumba yote ya Litein. Uliniachia shamba la majani chai, ng'ombe wanne na mashaka mengi.

Ulikuwa mtu mwema. Jirani akiugua, ulimchumia majani yake kabla ya yako. Lakini kushuku nako, baba! Hata pasta akibisha hodi ulimwuliza "Wewe nani?" mara mbili, na sauti yake unaijua. Ndiyo maana chama cha wakulima kilipokupa ile seva uisimamie, kompyuta iliyotoa matangazo na habari za mvua kwa njia ya simu, kazi yako ya kwanza ilikuwa kuiwekea mlinzi. Moduli, uliiita. Wiki mbili ulisoma kitabu chake huku chai yako ikipoa. Kisha ukatueleza mezani: mtu akitaka kugusa kurasa za ndani, moduli inamwuliza jina na neno la siri, na akikosea anabaki nje.

"Hii haina mambo ya undugu," ukasema, ukacheka peke yako.

Neno lenyewe hukumpa mtu. Siku tatu kabla ya kufa ndipo uliponinong'oneza: "Ni tuga." Ng'ombe, kwa lugha yetu. Herufi nne tu, wewe mwenye kufunga zizi kwa kufuli mbili!

Ulipofariki, Mosoti, mwenzako wa ofisini, alikuja kuomba hilo neno, maana matangazo yalikuwa yamekwama. Nikamtajia pale mlangoni. Kesho yake akarudi.

"Mama Chepkurui, hii kitu imekataa. Nimejaribu mpaka nimechoka."

"Imekataa aje, na nimekupa neno ya marehemu mwenyewe?"

"Sijui, mama. Pengine alibadilisha."

Nilimkazia macho. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako: huyu ameingia, amechukua alichotaka, kisha amebadilisha neno yeye mwenyewe. Siku ya mazishi nilimzuia kutia udongo kaburini mwako, mbele ya watu wote. Akaondoka bila kula, na mimi nikaona hiyo ndiyo hatia yenyewe. Tangu hapo, nikimwona sokoni, nilivuka barabara.

Ofisi ilinunua mashine nyingine, ya kwako ikaletwa kwetu ndani ya boksi. Mwezi wa nne binti yetu Chepkurui alikuja likizo, akaiwasha, akaandika tuga. Ikafunguka mara moja. Nilidhani hata mashine inanidanganya. Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine, kwa mwandiko wa Mosoti: "Neno kutoka kwa mama: DUKA."

Unatujua, Bethwel. Midomoni mwetu Wakipsigis d na t ni mamoja, g na k vilevile. Mosoti ni Mkisii, lugha yetu haijui, lakini amekaa nasi miaka mingi na amezoea kuturekebisha kimoyomoyo. Niliposema tuga, yeye alisikia Mkipsigis anayetaka kusema duka. Akaandika duka kwa heshima, bila kuniuliza.

Ndani tulikuta orodha yako ya wanaoruhusiwa kuingia. Uliipa jina "Waaminifu". Ina watu watatu tu. Mosoti ndiye wa kwanza, kisha mimi, kisha Chepkurui. Nilimwomba Chepkurui aisome tena, nikidhani amekosea mistari.

Niliona aibu, Bethwel, na bado naiona. Nimemwandikia Mosoti barua mbili za kuomba msamaha. Hajajibu. Nilikwenda kwake mara mbili, mkewe Elmina akaniambia kwa adabu kwamba hayupo, na viatu vya Mosoti nikaviona kwenye ngazi. Safari hii sikumshuku mtu. Niligeuka nikarudi nyumbani nikilia.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Phyllis, binti yako Chepkurui, dada yako Rebeccah, na kaka yako Kipkirui na jamaa yake yote. Pia Mosoti, rafiki yako, ambaye jina lake nimeliweka hapa bila kumwuliza, kwa sababu mlango hanifungulii.

Hatutakusahau kamwe.