Gitaa Nililolichagua Nikitazama Ukuta

Mjukuu wangu Makena,

Sisi huku Nkubu tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike, na nyanya yako amempa jina lako. Usikasirike.

Umeniandikia kwamba umezunguka maduka yote ya Embu na gitaa la kampuni unayoipenda halipo. Unauliza ungoje au uchukue lingine.

Nilipokuwa kijana wa kwaya, nami nilitaka la jina moja tu. Mwalimu wetu wa kwaya alinipeleka dukani Makutano, akaniambia nitazame ukuta. Muuzaji akapiga magitaa matatu, moja baada ya lingine.

"La pili, mwalimu," nikasema bila kusita.

Nilipogeuka, kumbe ni gitaa la kahawia lenye jina nisilowahi kulisikia. Niliona haya. Nikasema nitangoja lile langu.

Mutwiri, mwenzangu wa kwaya, hakungoja. Alilinunua lile la kahawia wiki hiyo hiyo.

Langu lilifika baadaye, jina linang'aa kichwani. Lakini nyuzi zilikaa juu mno, vidole vikaniuma, nikalitundika ukutani likabaki huko.

Basi nenda dukani na rafiki yako. Mpe mgongo, apige yote yaliyopo. Lile litakalokupendeza lishike mwenyewe, uone kama vidole vyako vinalikubali. Jina lisome mwisho.

Mutwiri bado anapiga kanisani. Kila Jumapili mimi huketi benchi la pili, nikilisikiliza gitaa langu.

Babu yako,
M'Ikiara