Shahidi wa Sura ya Nne

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo hapo nyumbani, wewe na shemeji na kile kikohozi chake. Mimi mwili mzima, ila roho iko mkononi.

Nimeitwa na tume. Ni mapadri watatu waliowekwa na askofu kukisoma kitabu changu cha tatu, kile ulichokipiga taipu, kinachouliza kama walioachika wakaoa au kuolewa tena wanyimwe Komunyo mpaka kufa. Nilitegemea wangenibana kwenye Maandiko, na huko nilikuwa nimejiandaa. Wapi! Wameng'ang'ania maneno machache ya sura ya nne, ukurasa wa tisini na mbili: "Nimekaa benchi la nyuma miaka kumi na saba. Wenzangu wakienda kupokea, nakunja miguu wapate njia. Hakuna padri aliyewahi kuniuliza imekuwaje."

Wanataka kujua nani anayesema hapo. Wanadai nimebuni mtu ili niwachome wasomaji, na mwalimu anayebuni ushahidi hafai kufundisha waseminari. Nimepewa mpaka tarehe 28: nimlete shahidi, au niifute sura nzima kwa sahihi yangu. Nikikataa yote mawili, nanyang'anywa ruhusa ya kufundisha na ya kuandika. Nimekaa darasani miaka ishirini na miwili, dada. Sijui kazi nyingine.

Niombee.

Mdogo wako

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Na milele na milele, amina, maana naona umesahau hata kusema Tumsifu Yesu Kristu. Mtu akiitwa na tume, salamu zinamruka. Shemeji yako hajambo. Kikohozi kimeisha, kilichobaki ni cha kudeka.

Nina jambo la kukuungamia, na nakuomba malipizi yawe mepesi. Unajua unavyoandika: penseli, nyuma ya karatasi za mitihani, mwandiko kama kuku kapita kwenye unga. Ukiishiwa, unaandika pembeni "mfano hapa," unachora mstari, unaahidi kuuleta baadaye. Vitabu vitatu, hujaleta hata mmoja. Mimi huunganisha aya nikaziba pengo, na wewe husifiwa kwa kuandika kwa mpangilio.

Ukurasa ule uliandika "mfano hapa: mtu aliye katika hali hii." Nikakaa mbele ya mashine nikiutazama mstari wako. Mtu aliye katika hali hii alikuwa ndiye anayekupigia taipu. Basi nikaandika. Ulipokuja kuchukua kazi nilitaka kukwambia, nikakumiminia chai badala yake, nawe ukaondoka nayo kwa mchapaji.

Waambie si maneno yako. Sema mpiga taipu ana kiherehere, kaingiza yake. Utatoka salama, na mimi hawana cha kuninyang'anya.

Dada yako

15 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristu, nisije nikasemwa tena.

Nilijua. Nilipokuwa nasoma kurasa za majaribio kwa mchapaji nilijua palepale, maana mimi tangu nizaliwe sijaandika sentensi fupi namna ile. Nikaona ni ya kweli kuliko kurasa zangu mia mbili, nikaiacha. Na sikukwambia kitu. Ningekwambia nimeiona, ingenibidi nikuulize habari zako, na niliogopa kukuaibisha. Ulipoolewa mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa seminari ndogo. Niliporudi likizo ulikuwa umesharudi kwa Mama, na nyumbani hakuna aliyetaka mada hiyo iguswe. Nami nikazoea kutoigusa.

Sitakutaja. Shemeji ni seremala wa shule ya parokia, na mtu akitaka kumtoa atapata sababu. Isitoshe, sitaki mapadri watatu wakuhoji habari za chumbani kwako ili mimi nibaki na chaki yangu. Sura siifuti. Nitakaa kimya, wachukue darasa.

Nakuomba, tena nakukataza kabisa: usije.

Mdogo wako

4 Machi

Dada,

Shikamoo. Hamjambo? Nauliza kwa dhati, maana barua yangu ya tarehe 20 hukuijibu, na si kawaida yako kukosa la kusema.

Tarehe 28 nilikwenda ofisi ya tume na kanzu iliyopigwa pasi, tayari kwa kukatwa kichwa. Katibu akanitazama, akasema shauri limeahirishwa, kwa kuwa shahidi ameshasikilizwa. Nikamuuliza shahidi gani. Akasema, "Padri, nenda nyumbani ukapumzike."

Sijapumzika. Umefanya nini?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, wazima kweli, utaona.

Toka lini kitindamimba akamkataza dada aliyembeba mgongoni? Tarehe 26 tulipanda basi la alfajiri, mimi na shemeji yako, na karatasi yako ya penseli nimeiweka kwenye bahasha. Shemeji yako alisema kama kazi itakwenda, na iende, misumari iko kila mahali. Akaachwa kwenye korido. Mimi nikaingizwa chumba chenye meza ya kioo, mafaili mpaka kwenye dirisha, na feni inayozunguka bila kuleta upepo.

Nikawawekea karatasi mezani. "Hapa kaandika yeye mfano hapa, na hapa nimeandika mimi. Benchi la nyuma ni langu." Mwenyekiti akawa mpole, akataka kuniaga kwa haraka. Lakini yule mzee mwanasheria wa Kanisa, yule wanafunzi wako wanayemwita Msumari, akasema bado.

"Ulifunga ndoa ya kwanza wapi, lini, na nani?"

Nikamjibu.

"Mkatengana kwa nini?"

 Jambo hili Mama alinifunga mdomo, na nimelibeba mpaka tumemzika. Hata wewe sikukwambia. Lakini nilikuwa nimekuja kusema kweli, nikasema. Mwezi wa nne wa ndoa alikuja mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, cheti mkononi. Alikuwa mke wake, wamefunga ndoa kanisani parokia ya mbali, miaka miwili kabla yangu. Nikafungasha siku hiyohiyo. Niliona aibu ni yangu, nimeingilia ndoa ya mtu, ndiyo maana sikumwambia yeyote.

Msumari akaweka kalamu chini. "Huyo mke yu hai?"

"Yu hai, Baba. Wanaishi pamoja mpaka leo."

"Basi, mwanangu, wewe hukuwahi kuwa mke wake. Aliyekwisha kufungwa hawezi kufungwa mara ya pili. Tukipata nakala ya daftari la parokia ile, uko huru kufunga ndoa na huyo bwana aliyeko koridoni."

Nikamuuliza kama anasema miaka yote hii, kumi na tisa sasa, nilikaa bure. Akavua miwani, akaipangusa muda mrefu sana. "Kama ungeulizwa," akasema, "yangekwisha kwa barua mbili." Halafu akamgeukia mwenyekiti: "Huyu hakubuniwa. Tena ametushtaki sote, na ndugu yake yumo."

Nilitoka nikicheka na kulia pamoja, shemeji yako akadhani nimetukanwa, akataka kuingia kupigana na mapadri. Ilibidi nimshike shati.

Usijilaumu sana. Jilaumu kidogo tu.

Dada yako

14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo mara mia.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Nimefundisha sheria hiyo hiyo darasani, nikawatahini watu, nikawafelisha wasioijua. Na wewe ulikuwa unapika chai jikoni, mimi nikila mkate wako na kukusomea hoja zangu. Sikukuuliza. Nilijisifu kwamba ni heshima, ulikuwa woga. Nisamehe, dada. Naona haya, na papo hapo nina furaha mpaka naogopa kutoka nje watu wasinione.

Tume imeandika. Jumatatu narudi darasani. Sura inabaki, ila kitabu kikichapwa tena nieleze kwamba shahidi yupo na amesikilizwa. Msumari alinisimamisha ngazini. "Padri," akasema, "kitabu chako sikubaliani nacho, na nitakijibu kwa maandishi. Ila ukurasa wa tisini na mbili sina la kuujibu." Akashuka zake, ngazi moja moja, akijishikilia ukutani.

Jana ameandika mwenyewe kuomba ile nakala.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na asante kwa kutufungisha ndoa Jumamosi. Mahubiri yalikuwa marefu, lakini nimeyasamehe. Nilipopokea Komunyo sikusikia kwaya wala mtu. Nilisikia nimefika, basi. Shemeji yako mpaka leo anaamka anasema "habari za asubuhi, bibi harusi," na umri huu!

Kuna jambo hukuliona, ulikuwa umeshaondoka. Watu walipokuwa wanaaga, alinifuata mpishi wa shule, yule mama mrefu anayekaa karibu na mlango kanisani. Akanishika mkono akanipongeza, kwa moyo kabisa. Halafu akasema: "Wewe ulikuwa na daftari la kukuokoa. Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa halali kila mstari. Alinipiga mpaka nikakimbia na wanangu, nikapata mtu wa kunistahi. Mimi je?"

Nilimwambia nitamtafutia jibu. Nimelitafuta siku tatu. Nilimpelekea hata Msumari barua kwa dereva wa basi, naye kanijibu kwa adabu kwamba kwa sheria iliyopo hana njia, na kwamba barua yangu imemnyima raha. Nami nimefurahi kumnyima raha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, furahi wiki hii, kula, lala. Umestahili. Kisha njoo na penseli zako. Nilimuuliza mpishi kama atakubali kukaa na wewe akueleze yote kwa kinywa chake. Alifikiri sana, akasema Alhamisi hana zamu jikoni.

Nimemwambia utakuwepo.

Dada yako